Visu Kumi na Viwili na Sarafu Moja

Maniago, 9 Novemba 2024

Dada yangu Nives,

Kabla sijakusalimu nakuambia jambo moja, kwa sababu nikianza na salamu nitapata pa kujificha, kama nilivyofanya katika kila barua niliyokuandikia. Kwa miaka sitini na sita nimeficha mkebe wa bati wenye visu kumi na viwili. Ni vile visu. Ulikuwa kwenye dari la nyumba yetu, chini ya trei kuukuu za kufugia viwavi wa hariri, juu kabisa ya chumba ninacholala. Kaka yako Elio hakuiba kitu. Niliuchukua mimi.

Sasa naweza kukusalimu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba lile goti lako la kulia limetulia baada ya kuchomwa sindano. Natumaini pia umeketi. Mwombe binti yako Josiane akuletee kiti cha karibu na dirisha, kile ulichoniandikia kwamba unakipenda kwa sababu ya jua la asubuhi, na usome polepole. Huku kwetu theluji ya kwanza imeshaonekana mlimani, lakini uwanja bado una joto kidogo mchana, na wazee wenzangu waliobaki, ambao sasa ni wawili tu, hukaa nje ya mkahawa na kulalamikia kahawa. Mimi siendi tena. Daktari anasema moyo wangu umechoka. Nilimuuliza umechoka kiasi gani, naye akaniambia, kwa adabu aliyonayo, nisinunue kalenda ya mwaka ujao. Barua hii nimeiandika kwa siku nne, aya moja kisha napumzika, kwa hiyo ukiona mwandiko unabadilika usidhani ni mtu mwingine.

Hebu nikueleze jinsi mkebe ulivyotoka.

Denis, mjukuu wangu, unamjua kwa picha. Anafanya kazi katika kiwanda kimoja cha eneo la viwanda, kwenye mashine zinazochonga mabapa ya visu ishirini wakati mtu anapiga chafya moja. Mwezi wa Septemba alipanda darini kutazama vigae vilivyokuwa vinavuja, akashuka na mkebe kwapani, nywele zimejaa vumbi na buibui. Akauweka mezani kando ya sahani yangu ya jibini na viazi, akaniuliza: "Babu, hii nini? Hazina ya vita?" Nikamwambia ni takataka za karakana ya baba yangu, azitupe. Akafungua, akafunua kitambaa, akapiga mluzi. "Takataka zinazong'aa hivi? Mbona zina mafuta mapya?"

Mafuta hayakuwa mapya, lakini hayakuwa ya zamani sana pia. Nives, nilivipaka mafuta kila mwaka baada ya Pasaka, hadi miguu iliponikataza ile ngazi. Mke wangu Rina, marehemu, alidhani napanda kutazama mitego ya panya.

Nilimwambia Denis kwamba visu vya kufyatuka vya aina ile, mwaka elfu moja mia tisa hamsini na nane, viliuzwa kwa lira mia nne kimoja, vikasafirishwa kwa maboksi kama biskuti, na huko Marekani vilining'inizwa kwenye kadibodi katika maduka ya tumbaku, kati ya vitana na viberiti. Hakuna aliyevitunza. Vilivunjika springi, vikatumika kufungulia barua, vikatupwa. Nilisema hivyo ili aviache. Yeye akacheka, akasema: "Ndiyo maana vilivyobaki vina bei, babu. Vilivyotupwa na wote ndivyo vinavyotafutwa na wote." Akakipiga picha kimoja kwenye meza yangu ya chakula, juu ya kitambaa kile chenye maua, akakiweka kwenye mnada wa mtandaoni. Bei ya kuanzia: euro thelathini.

Nilimwacha. Sitajisafisha: ningeweza kumzuia, lakini nilijiambia kwamba kitanunuliwa na mtu fulani kwa bei ya mlo mmoja, kitaondoka mjini, na kumi na kimoja vitarudi darini. Hilo ndilo lilikuwa tegemeo langu, kwamba havina thamani.

Mnada ulidumu siku kumi. Kwa siku tisa bei ilitambaa: thelathini na tano, sitini, tisini. Siku ya kumi ilikuwa Jumapili, baada ya misa. Denis alikuja na simu yake akaiegemeza kwenye chupa ya maji tutazame pamoja, kama watu watazamavyo mpira. Zikiwa zimebaki dakika tano bei ilikuwa mia nne na kumi. Kisha watu wawili wakaanza kushindana, mmoja wa Texas, mwingine wa Ujerumani, wala hakuna aliyetaka kumwachia mwenzake. Elfu moja. Elfu moja na mia tisa. Denis akasimama. "Babu, wameingiwa na wazimu hawa! Kimeshapita pikipiki yangu!" Kilipofika elfu tatu mia nane na sabini yule Mjerumani akanyamaza, na simu ikalia kengele ndogo. Denis alinikumbatia. Nami nilikuwa natazama picha ile kwenye kioo, ule mpini wa pembe nyeusi, na ile pete ya shingo ambayo mtu akiinyanyua kwa kidole gumba bapa linaruka lenyewe, bila kitufe cha aina yoyote. Hakuna mtu mwingine katika mji huu aliyewahi kuitengeneza pete ile. Niliona mikono ya kaka yako.

Unakumbuka alivyoitengeneza. Nyumbani kwenu, kwenye meza ya jikoni, akimwomba mama yako Dirce asogeze unga wa polenta ili springi zisiingie chenga. Miezi mitano alikuwa anaunguza vipande vya chuma juu ya jiko lenu hadi vigeuke rangi ya majani makavu, halafu buluu, na kuvitumbukiza kwenye mafuta. Mama yako alilalamika kwamba nyumba nzima inanuka karakana, na yeye akamjibu kwamba karakana nayo inanuka supu yake, basi wamelipana. Baba yangu ndiye aliyempa pembe na shaba. Mnunuzi kutoka New York alikuwa anakuja Alhamisi baada ya Pasaka, na visu hivyo ndivyo vilivyokuwa vya kumwonyesha.

Nitakuambia kwa nini nilifanya. Nimejaribu miaka yote kutafuta sababu kubwa, na sijaipata. Sababu ilikuwa ndogo.

Jumanne ya wiki ile baba alirudi kutoka kwa mchongaji na muhuri mpya wa kugongea mabapa. Uligongwa kwenye kipande cha bati mbele ya wafanyakazi wote ili waone. Ulikuwa na herufi mbili, A na E. Attilio baba yangu, na Elio fundi wake. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimebakiza miezi mitatu nimalize chuo cha ualimu, na nilikuwa nimesimama pale na vitabu vyangu. Nikauliza, kwa mzaha ambao haukuwa mzaha, herufi yangu mimi iko wapi. Baba akasema: "Wewe utagonga muhuri kwenye madaftari ya watoto." Wakacheka. Gildo, yule mzee wa gurudumu la kunolea, unamkumbuka na ulimi wake, akaongeza: "Mwacheni mwalimu jamani, mikono ile ni ya kushika chaki. Mpeni tupa, kesho tutamtafutia vidole sakafuni." Wakacheka zaidi. Elio peke yake hakucheka. Akanigusa bega, akaniambia, "Achana nao, profesa." Ningemsamehe kama angecheka.

Alhamisi, kengele ya saa sita ilipolia na watu wakaenda kula, nilichukua ufunguo uliotundikwa nyuma ya mlango wa jikoni kwetu, nikaingia karakana, nikautoa mkebe kabatini, nikapanda nao darini. Yote hayakuchukua muda wa kuchemsha yai. Nilitaka baba aaibike kwa saa moja mbele ya mgeni. Nilipanga nitashuka nao baadaye nikisema nimeukuta mahali fulani, na kwa mara moja niwe mimi niliyeokoa jambo. Huo ndio ulikuwa mpango wote wa mtu aliyesoma.

Mnunuzi alikuja na kofia yake, akakaa, akanywa divai, akatazama saa. Baba alipekua kabati, meza, hadi mapipa ya chenga za chuma. Yule bwana akasema kwa heshima kwamba ana miadi ng'ambo ya mfereji, kwa washindani wetu, akaondoka, akaagiza bidhaa kwa wengine. Kisha baba akamgeukia Elio, na maneno yake nayasikia kama yamesemwa leo: "Umewauzia wale wa ng'ambo kwa kiasi gani? Sema! Walikuahidi jina lako peke yako kwenye bapa, siyo?" Elio akasema hajui anazungumza nini. Akatazama huku na huku, akamtazama Gildo, akanitazama mimi. Mimi nilikuwa natazama jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mezani. Nililitazama jiliwa lile kana kwamba sijawahi kuona jiliwa. Nilipoinua macho, alikuwa ameshavua aproni yake, ameikunja mara nne, ameiweka juu ya meza ya kazi.

Ningesema siku ile. Ningesema kesho yake. Lakini neno "mwizi" lilikuwa limeshatoka mlangoni, na wewe unajua mji wetu unavyofanya kazi. Hapa kazi ilikuwa ya kupelekwa nyumbani. Karakana inakupa pembe, shaba na springi kwenye kikapu, unaondoka navyo, na hakuna anayekusimamia jikoni kwako. Mkono ukishatiliwa shaka, hauguswi tena na kikapu chochote, hata uwe mkono bora kuliko yote. Elio aligonga milango kumi na minne. Mlango wa kumi na nne walimwambia wana upungufu wa pembe, na nyuma yao pembe zimerundikwa hadi dirishani.

Na mama yako. Kila Jumatatu karakana tatu zilimjazia kikapu mipini ya kung'arisha. Jumatatu ya pili baada ya jambo lile nilikutana naye kwenye njia ya mfereji, akirudi, kikapu kimefunikwa kitambaa cheupe kama kawaida. Akanisalimu kwa jina. Upepo ukainua kitambaa, nikaona hakuna kitu ndani. Alikuwa amekifunika ili watu wasijue kwamba anarudi mikono mitupu. Nilimjibu salamu yake, Nives, nikaendelea na safari yangu.

Wewe ulikuwa na miaka kumi na saba. Yule fundi cherehani aliyekuwa amekubali kukufundisha alikuwa amesema uje baada ya Pasaka, kisha akasema baada ya mavuno ya zabibu, kisha akaacha kusema. Elio alikwenda Ubelgiji mwezi wa Mei, machimboni, nanyi mkamfuata mwaka uliofuata. Mimi ndiye niliyebeba sanduku la mama yako hadi stesheni. Alinishika mikono yote miwili, akaniambia katika mji mzima ni mimi peke yangu niliyebaki binadamu. Nikamwacha aamini hivyo, na katika barua zako zote nawe umeamini hivyo hivyo.

Jambo moja linanichoma kwa namna ya pekee. Mwezi wa Agosti mwaka uleule wa visu, Wamarekani walipitisha sheria ya kupiga marufuku visu vya kufyatuka. Maboksi yakarudi kutoka bandarini. Nusu ya karakana za mji huu zikageukia mikasi na vifungulia chupa, na baba akauza vilivyobaki kwa kilo kama chuma chakavu. Kwa hiyo hata kama mnunuzi yule angevikuta visu vya Elio, angeviagiza, muhuri ungegongwa, na baada ya miezi minne yote yangekwisha. Nilimharibia kaka yako jina kwa ajili ya kitu ambacho hadi kufika vuli hakikuwa na thamani ya mfuko wa unga. Ningengoja tu, wivu wangu ungekufa wenyewe.

Baba alikufa mwaka elfu moja mia tisa sabini na moja. Siku ya mwisho aliniambia: "Yule mwizi ndiye aliyekuwa na mikono." Nilikuwa nimekaa kitandani pake. Ilikuwa nafasi nzuri, nikamwekea mto sawa.

Sasa narudi kwenye mnada, maana huko ndiko nilikokamatwa.

Yule mtu wa Texas aliandika. Alisema amekusanya visu vya Maniago kwa miaka arobaini na hajawahi kuona pete ya shingo ya namna ile. Akauliza kama vipo vingine, na akatoa bei ya vyote ambayo Denis aliniandikia kwenye karatasi badala ya kuitamka. Alitaka kitu kimoja tu: hati iliyosainiwa na mtu mzee kuliko wote katika familia, ikieleza ni nani aliyevitengeneza na vilikaa wapi. Denis aliipiga chapa vizuri. Ilisema: "Vimetengenezwa na Attilio katika karakana yake, na kutunzwa na familia." Akaniwekea kalamu mkononi. Niliilaza juu ya karatasi bila kusaini, naye akadhani ni moyo, akakimbilia dawa.

Wakati nikipumzika alianza kuvikagua kimoja kimoja, avifyatue. Kumi viliruka. Kile kimoja kilichobaki kilikwama, na kwa kuwa damu ya karakana anayo, alichukua bisibisi akatoa ubavu wa pembe. Akakiinamia. Kisha akaniambia: "Babu, jina lako limo humu ndani." Akaniletea karibu na taa, akanipa miwani. Kwenye shaba, pale ambapo pembe hufunika na hakuna anayepaona, palikuwa pamekwaruzwa kwa ncha ya msumari: "Kwa Olvino, mwalimu. Sarafu moja." Na chini yake, herufi E.

Vya mnunuzi vilikuwa kumi na kimoja. Siku zote nilidhani ni kumi na viwili kwa sababu dazeni ni dazeni. Cha kumi na mbili kilikuwa zawadi yangu ya kumaliza chuo. Nilikuwa nimekiiba changu mwenyewe, nikakipaka mafuta karibu miaka sitini bila kukifungua.

Denis aliuliza kwa nini sarafu moja. Vijana wa siku hizi hununuliana visu mtandaoni, hawajui. Nikamweleza kwamba hapa kwetu kisu hakitolewi bure hata kwa ndugu: anayepewa lazima amtilie mtoaji sarafu kiganjani, hata iwe ndogo namna gani, ili makali yasikate urafiki wao. Akauliza, "Sasa ulimpa?" Basi nikamwambia. Nilimwambia yote, kuanzia muhuri hadi kikapu. Alikirudishia kile kisu ubavu wake wa pembe, akaukaza kwa bisibisi. Nilitegemea angesema mambo ya zamani yamepita. Alisema: "Kwa hiyo si vyetu." Akachukua ile hati akaichana.

Alimwandikia yule wa Texas kwamba havipo tena vya kuuza. Kile kilichouzwa kimeshakwenda, mwenyewe amekataa kukirudisha, na pesa yake ni yako. Vya mnunuzi vilivyobaki ni kumi, nacho changu cha kumi na moja. Denis atavileta hadi kwako Liège kwa gari lake mwenyewe, kwa sababu posta hawapokei visu na kwa sababu nataka mtu wa nyumba yangu asimame mlangoni kwako. Mpokee, yeye hana kosa. Ukitaka kuviuza, sasa unajua bei yake. Ukitaka kuvitupa mtoni, ni vyako.

Sijakwenda kwa padri kwanza. Padri wetu ni mtu mwema, angenisamehe kabla sijamaliza sentensi, nami ningelala usingizi mzuri huku wewe bado hujui. Lakini nimekwenda kwa yule mama anayechapa karatasi za misiba, zile zinazobandikwa ukutani karibu na kanisa mtu akifa, ambazo mji mzima husimama kuzisoma kabla ya kununua mkate. Nimeshamwandikia yangu. Chini ya jina na umri, badala ya kusema nilipendwa na wanafunzi wangu, itasema: "Mwaka 1958 aliiba visu vya Elio, mwana wa Dirce, akaacha Elio aitwe mwizi." Alisoma, akavua miwani, akaniambia, "Mwalimu, watu hawaandiki hivi. Huandika kwamba marehemu aliaga kwa amani." Nilimfundisha kusoma na kuandika akiwa na miaka sita, na sasa ananisahihisha. Nikamwambia asibadilishe hata nukta. Itabandikwa pale pale alipopita mama yako na kikapu chake. Najua ni nyepesi mno kwangu na imechelewa mno kwenu, kwa kuwa nitakuwa nimeshaondoka wakati watu watakaponiangalia. Hata katika hili nimejichagulia upande rahisi. Kama unataka ibandikwe nikiwa hai, nijibu neno moja, nitaibandika.

Msalimie sana Josiane, na mumewe, na yule kitukuu aliyezaliwa wakati wa Pasaka ambaye hukuniandikia jina lake. Rina angekusalimu pia kama angekuwepo. Alikupenda kupitia barua tu. Ukienda makaburini msalimie mama Dirce, ingawa sina haki ya kukutuma.

Katika bahasha hii utakuta kitu kidogo kimefungwa kwa karatasi. Ni sarafu ya lira kumi, ile yenye masuke ya ngano. Uipeleke kwa Elio, kaburini pake. Nitakuambia ni ya nini, kisha nitakuwa nimemaliza.

Mwaka elfu moja mia tisa sabini na tisa, ulipoandika kwamba vumbi la machimbo limemmaliza, uliniambia kwamba katika siku zake za mwisho aliuliza habari zangu, akakuagiza uniambie kwamba bado anaingoja sarafu yake. Ukaniuliza kama ninaelewa maana. Nikakujibu, kwa mwandiko wangu mzuri wa ualimu, kwamba huenda ilikuwa homa.

Haikuwa homa. Asubuhi ile ya Mei nilikwenda stesheni kumuaga. Watu wengine hawakuja. Alikuwa na begi moja na koti la baba yako. Tuliongea habari za hali ya hewa. Treni ilipoanza kusogea aliinamia dirishani, akanitazama, bila hasira hata kidogo, karibu akitabasamu, akaninyooshea kiganja kilicho wazi, akasema: "Olvino, hujanipa sarafu yangu."

Alikuwa anajua. Alijua tangu nilipolitazama jiliwa, na hakumwambia mtu, si baba yangu, si mama yako, si wewe. Angenisamehe palepale kwa lira kumi. Mkono wangu ulikuwa mfukoni, na sarafu hii unayoishika sasa ilikuwa kati ya vidole vyangu. Nikamuuliza: "Sarafu gani?"

Olvino